Mgeni Wenu Analala Wapi? Barua ya Wazi kwa Marais wa Serikali za Wanafunzi

Waheshimiwa marais wa serikali za wanafunzi katika vyuo vikuu vya Tanzania, mawaziri wakuu wenu, maspika wenu, na mawaziri wa mambo ya nje kwa vyuo vyenye wizara hiyo,

Marahaba. Najua mngeanza na shikamoo, kwa hiyo nimeiitikia kabisa ili tuingie kwenye mazungumzo.

Mimi sina cheo chuoni. Nilisoma, nikahitimu, nikafanya kazi serikalini mpaka nikastaafu, na sasa nina nyumba ya vyumba vichache jirani na chuo kimoja jijini Dar es Salaam, ninayopangisha wanafunzi. Sisi wenye nyumba tunajua mambo yasiyofika kwenye mabunge yenu. Tunajua nani amekosa chumba bwenini na sasa anabebwa na rafiki yake kwenye kitanda cha futi tatu. Tunajua nani anakunywa uji mara mbili kwa siku akisubiri boom la mkopo, na nani ana sapu tatu ambazo nyumbani hawajaambiwa. Kuna jambo jingine nimelitazama kwa miaka. Jumamosi jioni, wenzao wakiwa wametoka, vyumba vinavyobaki vimefungwa kwa ndani huku taa zinawaka ni vya wageni. Mkongo wa Goma. Mrundi. Msudani Kusini. Mkomoro aliyekuja kusoma famasia. Hawaumwi, wala hawasomi kuliko wengine. Hawana pa kwenda, na hakuna aliyewaambia "twende".

Nawaandikia ninyi na kuwaacha makamu wakuu wa vyuo kwa sababu makamu mkuu anaweza kutoa waraka, lakini hawezi kumpa mtu rafiki. Nani amemwekea mwenzake kiti darasani, nani amemwita kwenye diskasheni, nani amemtonya kwamba jaribio limehamishiwa ukumbi mwingine, nani amegundua kwamba leo hajala: mambo hayo yote yako mikononi mwa wanafunzi, na wanafunzi wamewachagua ninyi.

Najua mtanijibu kwamba mnafanya usiku wa utamaduni. Nimewahi kualikwa. Maturubai yalipendeza, muziki ulisikika mpaka barabara kuu, na mgeni rasmi alichelewa saa mbili kama kawaida yetu. Mpangaji wangu Mrundi alikuwa ametafutiwa ngoma. Kijana wa watu hajapiga ngoma maishani mwake. Ngoma zile za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi wa utamaduni mwaka 2014, ni kazi ya vikundi vyenye mafunzo yake, na yeye baba yake ni fundi redio mjini Bujumbura. Lakini aliambiwa "wewe si Mrundi?", akapiga alichoweza, akashangiliwa, kila mtu akataka picha naye. Jumatatu yake akakaa mstari ule ule wa nyuma, peke yake, na wenzake wakaendelea kumwita "Mrundi" kwa sababu mwaka wa pili ulikuwa unakwisha na hawakuwahi kuuliza jina lake. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Mgeni tunamkaribisha jukwaani, darasani na bwenini tunamsahau.

Haikuwa hivi siku zote. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 20 ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki, na kwa mgawanyo wa mwanzo aliyetaka udaktari alikwenda Kampala, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi, na aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Ndiyo maana Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia 2011, alisomea sheria chuoni hapo, Mlimani. Yoweri Museveni aliingia pale 1967 akawa kiongozi wa USARF, umoja wa wanafunzi wanamapinduzi. John Garang wa Sudan alipita. Walter Rodney, Mguyana, alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikachapishwa 1972 akiwa bado mwalimu wa Mlimani.

Sitaki kuzipamba zama zile. Mwaka 1966 Mwalimu Nyerere aliwafukuza wanafunzi zaidi ya 300 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, kwa hiyo tusidhani wote walikuwa wakiimba mshikamano kutwa kucha. Lakini nataka mlijue jambo moja. Mwaka 1971 rais wa DUSO, jumuiya ya wanafunzi wa Mlimani, alikuwa Mkenya aitwaye Akivaga. Alipokwaruzana na uongozi wa chuo akafukuzwa, askari wakamwondoa, na wanafunzi wakagoma kuingia madarasani wakimtetea. Wengi wa wanafunzi hao walikuwa Watanzania. Walimchagua mtu wa nchi nyingine awaongoze, na alipoguswa walihisi wameguswa wao.

Je, katiba yenu inamruhusu Mkenya kugombea urais leo? Au Mkongo, au Mganda? Nimewauliza wapangaji wangu. Mmoja alicheka, akadhani natania.

Jinsi zama zile zilivyokwisha mnajua kutoka kwenye historia ya sekondari. Mwaka 1970 chuo kile kimoja kikavunjwa vikawa vyuo vitatu vya nchi tatu, mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikafa, na kila nchi ikajifungia na watoto wake. Mkataba wa kuifufua ulisainiwa Arusha Novemba 1999, na mwaka 2017 marais wakatangaza kwamba Afrika Mashariki yote ni eneo moja la elimu ya juu. Karatasi zimekaa vizuri. Mezani kwa mama lishe, Mrundi bado anakula peke yake.

Sasa nije kwenye jibu mlilofundishwa tangu shule ya msingi: Tanzania hatuna ukabila. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na haikutokea kwa bahati. Kizazi changu kilipelekwa sekondari za bweni mbali na nyumbani kwa makusudi. Mtoto wa Kagera akapangiwa Songea, wa Mtwara akapangiwa Tabora. Tukalala kitanda cha juu na cha chini na watu ambao babu zetu hawakuwahi kuwasikia. Kisha Jeshi la Kujenga Taifa likatukusanya tena, tukalima, tukakimbia mchakamchaka, tukachukiana na kupatana. Makabila zaidi ya 120 yakapata lugha moja ya kugombania na ya kuposana. Kuna watu waliokaa ofisini wakapanga nani asome wapi na alale na nani, na serikali ikalipia nauli za treni na mabasi. Sisi tumeyasahau hayo yote, tukabaki kuamini kwamba ukarimu uko kwenye damu yetu. Anayeamini hivyo haoni haja ya kumuuliza mgeni amekula nini.

Chukueni utani. Mchaga na Mpare wakikutana kwenye korido, dakika ya kwanza wameshatukanana na ya pili wanagawana karanga. Mnyamwezi na Mzaramo vivyo hivyo, utani wa tangu enzi za misafara ya bara na pwani. Lakini utani una sheria zake. Mtani anakurushia na wewe unamrudishia. Mtani anakuja msibani kwako, anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka, na huyo huyo ndiye anayeshika jembe la kaburi. Sasa mnapomwita Msudani Kusini "mnara wa simu", au mnapomuuliza Mrundi kama kambi yake ya wakimbizi ni Nyarugusu au Nduta, yeye anarudisha nini? Hajui ninyi mnachekwa kwa lipi. Na siku akithubutu kumtania Mhaya kuhusu majivuno, chumba kizima kinanyamaza: huyu mgeni amepata wapi ujasiri? Anayepigwa bila ruhusa ya kurudisha hajataniwa, ametukanwa.

Na kwa kuwa mmeitaja kambi yenyewe: Nyarugusu, kule Kasulu, ipo tangu 1996. Kuna vijana waliozaliwa humo na kusoma humo kwa mitaala ya Kongo na Burundi, nchi ambazo wengine hawajazikanyaga. Anayetoka hapo akafika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu amepanda mlima ambao sidhani mimi ningeupanda. Mnamcheka kwa lipi?

Halafu lugha. Kwenye karatasi, chuo kikuu kinasomesha kwa Kiingereza. Mhadhiri akishatoka mlangoni kila kitu ni Kiswahili: diskasheni, matangazo ya CR (mwakilishi wa darasa), kundi la WhatsApp la darasa, ubishi wa Simba na Yanga. Silalamikii hilo hata kidogo, ningelalamika kama lingekuwa kinyume chake. Lakini mpangaji wangu Msudani Kusini alikosa jaribio kwa sababu CR wake alitangaza mabadiliko ya ukumbi kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu, na dakika mbili na nusu za mwanzo zilikuwa za mpira. Aliusikiliza wote. Alichoelewa ni kwamba kuna mtu amefungwa magoli mawili.

Anayenisikitisha zaidi ni yule anayekuja na Kiswahili chake. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtoto wa Goma anakizungumza tangu utotoni, sokoni, kanisani, uwanjani. Anafika Dar es Salaam moyo umejaa, akijua kwamba kwa lugha angalau amefika nyumbani. Anasema "batoto", darasa zima linaangua kicheko. Mara ya pili anasita. Mara ya tatu anahamia Kiingereza, ambacho nacho amekianza ukubwani kwa sababu shule yake yote ilikuwa ya Kifaransa. Nasi kila tarehe 7 Julai, siku ambayo mwaka 2021 UNESCO iliitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunapanda majukwaani kujisifu kwamba lugha yetu imevuka mipaka. Imevuka kweli, na ikirudi na lafudhi ya huko ilikokwenda tunaicheka mlangoni. Tena si Mkongo peke yake. Nina mpangaji wa kike kutoka Wete, Pemba, raia wa Tanzania kama ninyi, ambaye ameshajifunza kuificha lafudhi yake akiwa darasani. Akipiga simu kwao ndipo ninapomsikia anaongea.

Niwaeleze jambo moja la enzi zangu, katika chuo ambacho sitakitaja. Tulikuwa wanne chumbani, mmoja wetu akiwa dada kutoka Ngazija, visiwani Komoro. Baba yake alifariki. Habari ilimfikia kwa barua, maziko yakiwa yameshapita siku nyingi. Darasani kwetu tulikuwa na utaratibu mzuri wa misiba: aliyefiwa tunamchangia rambirambi, tunateua wawili au watatu wamsindikize mpaka kwao, hata kama ni Sumbawanga. Katibu alipofuatwa akasema utaratibu unahusu msiba wenye safari. Basi la kwenda Moroni hakuna, mazishi yameshafanyika, kwa hiyo fungu halitoki. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa kijana mpole na baadaye alikuwa mtumishi mzuri wa umma. Alisoma daftari lake, akakuta jambo hilo halimo.

Yule dada alikwenda darasani siku iliyofuata kwa sababu hakuna aliyemwambia asiende. Alinukuu mihadhara yote ya siku ile. Daftari lake tulilitumia sisi wengine kujisomea.

Aliyekuja alikuwa mpishi wa bwalo, mama mmoja Mmanyema wa Kigoma ambaye sisi tulikuwa tukimsumbua kila mchana kwamba nyama ni ndogo. Sijui alisikia kwa nani. Alifika chumbani baada ya magharibi na birika la chai na maandazi kwenye kitambaa, akavua kandambili, akatandika kanga sakafuni, akakaa. Akasema, "Pole mwanangu. Hebu nieleze, baba alikuwa mtu wa namna gani?" Na dada yule, ambaye tangu barua ilipofika hakuwa ametoa chozi mbele yetu, akaanza kueleza: baba alikuwa mvuvi, baba alikuwa hapendi kelele asubuhi, baba alimuuza ng'ombe ili yeye apande meli. Alieleza mpaka saa nne za usiku, Kikomoro na Kiswahili vikichanganyika, na mama yule akiitikia "eeh" na "Mungu amrehemu". Kesho yake alirudi na wanawake wengine wawili wa bwaloni, wakasoma hitma pale pale chumbani. Sisi wenye rambirambi na daftari tulisimama korido. Mama yule hakusubiri katiba imwambie kama msiba upo au haupo.

Siku hizi habari inafika kwa simu kabla mwili haujapoa, lakini utaratibu wenu nimeuulizia na haujabadilika sana. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma, mpangaji wangu Mkongo alikaa siku kadhaa bila kumpata mtu yeyote wa kwao. Mitihani ya semista ilikuwa inakaribia. Alikuwa akizunguka uani usiku, simu mkononi, kama mtu anayetafuta mtandao. Habari za Goma zilikuwa kwenye kila redio na kila simu, darasa lake zima linajua atokako, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza, "Nyumbani wazima?" Mtaniambia mlikuwa mnaogopa kumuumiza. Sisi hatujawahi kuogopa kumpa mtu pole. Pole tunaitoa hata kwa aliyejikwaa barabarani tusiyemjua.

Na msiniambie kwamba hamjui kumkaribisha mgeni. Mnajua sana. Akija Mnorwe au Mjerumani wa semista moja, wiki ya kwanza ana marafiki darasa zima. Ya pili ameshapelekwa Kariakoo, Coco Beach na Bagamoyo. Ya tatu anafundishwa kumega ugali, na kabla mwezi haujaisha amealikwa harusini Moshi na kushonewa sare ya kitenge. Akisema "mimi napenda sana wali" anapigiwa makofi. Mkongo anayeweza kuhutubia kwa Kiswahili saa nzima anachekwa kwa silabi moja. Sina neno na Mnorwe, nimewapangisha na ni watu wema, wanalipa kodi kwa wakati. Lakini ukarimu unaoangalia ngozi na pasipoti kabla ya kufungua mlango ni ushamba, na ushamba wa msomi ni mbaya kuliko wa asiyesoma.

Niseme na penye mema. Mrundi wangu ana mahali ambapo jina lake linajulikana, napo ni kwenye kwaya ya wanafunzi Wakatoliki. Mkomoro anafuturu na jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu Ramadhani nzima, na daku wanagongeana milango. Nimejiuliza kwa nini vikundi vya dini vinaweza na serikali za wanafunzi haziwezi, na nadhani nimepata: vinampa mgeni kazi. Aimbe besi. Apange viti. Zamu ya tende ni yake Alhamisi. Siku asipofika kuna pengo, na mtu anatumwa kumtafuta. Ninyi mnampa kiti cha heshima mstari wa mbele, mara moja kwa mwaka. Ubaya wa njia ile ni kwamba asiye na kwaya wala msikiti hana kitu, na Msudani Kusini wangu, ambaye kanisa lake halina tawi chuoni, ndiye aliyebaki na ujumbe wa sauti wa mpira. (Nilimshauri achague kati ya Simba na Yanga haraka iwezekanavyo. Amechagua. Sasa angalau kuna watu wanaomzomea Jumatatu, na naona amechangamka.)

Mnataka nifike kwenye maombi. Nafika.

La kwanza ni vitanda. Vyuo vingi, kwa nia njema, huwaweka wageni kwenye bweni lao lenye maji ya uhakika. Kinachopatikana ni kijiji cha wageni ndani ya chuo, ambamo Mkongo anajifunza Kinyarwanda na Mnyarwanda anajifunza Kilingala na wote wawili hawamjui Mtanzania hata mmoja wa kumwazima pasi. Vitanda vimeongezeka, mabweni yaliyofunguliwa Mlimani Aprili 2017 peke yake yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840. Kwa hiyo swali walilojiuliza wazee wetu, la nani alale na nani, linaweza kuulizwa tena. Nendeni kwa mlezi wa wanafunzi mkamwombe kwamba mwaka wa kwanza, walau huo, mgeni apangwe chumba kimoja na wenyeji. Watagombana kuhusu taa na kuhusu muziki. Sisi tuligombana pia.

Makundi ya diskasheni nayo yanahitaji mkono wenu. Yanaundwa wiki ya kwanza na yanaundwa na waliojuana tangu sekondari: Ilboru kwa Ilboru, Kibaha kwa Kibaha, Kilakala kwa Kilakala. Anayebaki ni mgeni, na mtoto aliyetoka sekondari ya kata akiwa peke yake, na aliyechelewa kufika kwa sababu kibali cha ukaazi hakikutoka mapema. Madesa ya miaka iliyopita, ambayo nusu ya chuo inafaulia, yanapita humo humo kwenye makundi ya waliojuana. Waagizeni CR wote wapige kura ya vikaratasi kwa kazi za makundi za semista ya kwanza, na matangazo ya mitihani wayaandike badala ya kuyasema. Hilo halihitaji bajeti.

Kwenye katiba zenu andikeni mambo mawili. Kwamba mwanafunzi yeyote aliyesajiliwa anaweza kugombea nafasi yoyote, na kama sheria za chuo zinakataza, pelekeni hoja ukumbini ibishaniwe hadharani. Na kwamba msiba wa mwanafunzi ni msiba hata kama kaburi liko Kinshasa: rambirambi itoke, watu wakae naye siku tatu, mhadhiri aarifiwe.

Usiku wa utamaduni sisemi mfute, watu wanahitaji kucheza. Punguzeni maturubai. Fedha itakayobaki lipeni vijana wa idara ya Kiswahili wawafundishe wenzao jioni mbili kwa wiki, Kiswahili cha dukani na cha kwenye daladala, na kwa kubadilishana wageni wawafundishe wao Kifaransa, ambacho najua nusu yenu mnakitafuta kwa ajili ya ajira.

Wageni nao nimeshawaambia yao, kwa kuwa kwangu hakuna upendeleo. Nao hujikusanya, nao hukataa kutoka hata wakiitwa, na kuna mmoja aliniambia Watanzania ni wavivu huku akiwa amelala mpaka saa sita mchana. Lakini mwenyeji ndiye anayeanza. Ndivyo tulivyolelewa.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wataanza kuingia mwezi wa kumi. Kabla hawajafika, mwiteni waziri wenu wa mambo ya nje mumuulize: chuo kina wanafunzi wageni wangapi, wanalala wapi, na majina yao ni nani. Akishindwa kujibu, mpeni wiki mbili azunguke mabwenini na mitaani kwetu na daftari, arudi na majibu. Mkikosa waziri anayeweza kazi hiyo, ifuteni wizara.

Wenu,
Mama mwenye nyumba,
Dar es Salaam